Kilichoingia Wodini Jumatano

Jumapili hiyo ya Machi 1976, Voi nzima ilikuwa imeshamhukumu Ndunge kabla ya chai ya saa nne. Aliyetaka kusikia hukumu ikisomwa aliingia hoteli ya Mama Nduku, mkabala na stesheni ya reli, ambako waliotoka kanisani na wale ambao kanisa hawalijui hukutana kwenye mandazi yaleyale. Upepo ulikuwa unapiga mabati tangu alfajiri, vumbi jekundu linaingia hadi kwenye bakuli la sukari. Inspekta Mbuvi alikaa pembeni, akaweka funguo zake mezani, akaziokota, akaziweka tena. Tangu Alhamisi mkono wake haukujua kutulia.

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi anapelekwa Mombasa, rumande," fundi viatu alikuwa akiwaambia wenzake. "Landrova imeshajazwa mafuta, nimeiona kwa macho yangu."

"Jaribio la kuua, hiyo ni miaka mingapi?"

"Ya kutosha kumsahau. Na mtoto mwenyewe bado kifua kinapiga mluzi."

"Mimi nilimwambia Zephaniah, mke akikufa tulia kwanza. Yeye mbio kwa Mkamba wa Kibwezi. Na Wakamba hawa na vikopo vyao vya dawa..."

Mtu akamkanyaga mguu chini ya meza. Wote wakageukia pembeni, alikokaa Mbuvi, Mkamba wa Mwala, na kikombe chake.

"Endeleeni tu," alisema. "Mimi nimefuata mandazi."

Waliinamia vikombe vyao. Mbuvi akabaki na kesi yake kichwani, akiizungusha kama funguo. Wakesho, msichana wa miaka tisa, bintiye Zephaniah karani wa reli. Mama yake alifariki miaka miwili iliyopita, na mwaka jana Zephaniah akamwoa Ndunge. Tangu Desemba mtoto alikuwa ameanguka mara nne: kifua kinabana, midomo inageuka buluu, anavuta hewa haiingii. Mara zote nne ilikuwa Jumamosi alasiri, muda mfupi baada ya kunywa uji wa Ndunge. Mara ya nne alilazwa, na kesho yake Mable, mdogo wa marehemu, akaja kituoni akilia kwa hasira na kumshtaki mama wa kambo kwa kumtilia mtoto sumu. Walipopekua jikoni walikuta kopo la majani ya chai limefichwa nyuma ya unga, ndani mna vumbi la kahawia. Mbuvi alilinusa akapiga chafya saba. Ulikuwa ugoro. Ndunge aliunusa kwa siri, mumewe asijue, maana Zephaniah ni mzee wa kanisa. Lakini Bwana OCS, mkuu wa kituo, alisema ugoro unaweza kuchanganywa na chochote, kopo likatumwa Nairobi kupimwa, jibu baada ya wiki tatu. Mkuu huyo hakuwa mtu wa kungoja wiki tatu.

Mama Nduku alikuja kuondoa kikombe. Alikuwa mwanamke mpana, na sauti yake ilikuwa pana vilevile.

"Wewe Mbuvi, nikuulize. Mtoto ana siku nane hospitali. Ndunge ana siku saba kwenye seli yako. Mtoto alipata nafuu, Jumanne tukaambiwa anarudi nyumbani. Alhamisi kifua kimebana tena. Sasa huko wodini sumu anapewa na nani?"

Hilo ndilo swali lililokuwa likizungusha zile funguo. Mbuvi akasimama, mandazi nusu yakabaki.

*

Maabara ya hospitali ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha moja, na humo alitawala Gibson, Mtaita wa Mwanda, mwembamba, mwenye koti jeupe lililofungwa vifungo vyote. Hata Jumapili alikuwepo, kwa sababu hakumwamini mtu mwingine na hadubini yake.

"Damu ya Wakesho ilipimwa mara ngapi?" Mbuvi aliuliza kabla hajafunga mlango.

"Mara tatu. Jumamosi alipolazwa, Jumanne, na Ijumaa."

"Ukaona nini?"

"Hakuna malaria. Niliandika kwenye fomu, hakuna malaria."

"Na kingine?"

Gibson alimtazama kwa subira ya mwalimu. "Inspekta, fomu iliuliza malaria. Mtu akikuuliza njia ya Wundanyi, utamwonyesha na ya Taveta?"

"Leo nakuuliza njia zote. Vioo unavyo bado, au umeviosha?"

Swali hilo lilimuudhi Gibson. Alifungua kabati, akatoa kisanduku cha mbao chenye vijigawanyo, kila kioo na jina lake na tarehe. Akatoa vitatu, akaweka cha kwanza chini ya hadubini, akashika kihesabio cha kubonyeza kwa kidole gumba. Kikaanza kulia: tik, tik, tik. Mbuvi alitembea kutoka dirishani hadi mlangoni na kurudi.

"Kaa chini. Unatikisa meza."

Mbuvi alikaa. Akasimama tena. Baada ya muda aliouona mrefu kuliko misa, Gibson alichukua penseli.

"Njoo uone. Hizi ndogondogo zilizojaa ni chembe nyekundu, ziache. Tafuta kubwa, yenye punje za rangi ya chungwa. Umeiona?"

"Kama komamanga lililopasuliwa."

"Hiyo. Inaitwa eosinofili. Ukihesabu chembe nyeupe mia za mtu mwenye afya, utaikuta mara mbili, tatu. Jumamosi Wakesho alikuwa nazo kumi na tisa. Jumanne nne. Ijumaa kumi na saba."

Mbuvi aliinua jicho. "Zinapandishwa na nini?"

"Mara nyingi minyoo. Lakini choo chake nimekiangalia siku tatu, kisafi. Kinachobaki ni pumu. Mwili unachokozwa na kitu usichokitaka, mirija ya pumzi inavimba kwa ndani, ute unakuwa mzito, njia inabaki kama ya mrija wa kalamu. Hewa inapita kwa shida ndiyo unasikia ule mluzi. Wakati huo chembe hizi zinajaa kwenye damu."

"Kifua kikuu? Nimonia?"

Gibson alionyesha mrija mrefu wa kioo uliosimama kwenye kishikio, damu imetua chini, maji ya njano juu. "Damu ya mwenye magonjwa hayo ingeshuka kwa haraka, milimita hamsini, sitini kwa saa moja. Ya huyu imeshuka nane tu. Kifua chake hakijaoza, Inspekta. Kimekasirika."

"Na sumu?"

"Sumu ninazozijua mimi hazipandi, zikashuka, zikapanda tena, huku mpishi wake amefungiwa."

Mbuvi alishika funguo zake, safari hii bila kuzicheza. "Kwa hiyo kati ya Jumanne na Ijumaa kuna kitu kiliingia wodini."

"Hicho," alisema Gibson akifunga kisanduku, "hakimo kwenye hadubini yangu."

*

Mlangoni mwa wodi ya watoto alikaa Konstebo Obadiah, daftari magotini. Alikuwa amenenepa tangu apangiwe zamu hiyo. Mbuvi mwenyewe ndiye aliyemwagiza aandike kila anacholetewa mtoto kula na kunywa, na nani amekileta, na asiruhusu tonge bila kuonjwa.

"Nisomee Jumatano."

"Asubuhi uji wa hospitali, nilionja. Mchana wali na maharagwe, nilionja. Saa nane baba yake alileta ndizi mbili." Obadiah alisita. "Nilionja."

"Zote mbili?"

"Moja ilikuwa salama, afande. Sikutaka kuamini moja tu."

"Wageni wengine?"

"Mama mdogo wake, Mable. Yeye hakuleta kitu."

"Alikuja mikono mitupu?"

"Alikuwa na mto tu wa kulalia. Wa mtoto, alikuwa anaulilia. Si chakula, afande, sikuuandika."

Mbuvi hakumgombeza. Angemgombeza kwa lipi? Agizo lilikuwa lake, na konstebo alilitii neno kwa neno. Mbuvi alilichukua daftari, akalifunga polepole, akalitia kwapani.

Ndani, Sista Loise alikuwa amemkalisha Wakesho kitandani na kumshikisha kipimo cha pumzi, chombo cha mviringo kama saa ya ukutani, chenye mdomo wa kupulizia na mshale. Mtoto alipuliza. Mabega yalipanda, shingo ikachimbika, mshale ukasogea kidogo ukachoka.

"Mia na kumi," alisema Sista. "Siku aliyoletwa alipuliza themanini. Jumatano asubuhi, mia mbili na ishirini, nikajua huyu ameenda nyumbani. Alhamisi asubuhi mia na ishirini. Dawa ni zilezile. Mimi mwenyewe sielewi."

Mbuvi alivuta kiti. Mto ulikuwa nyuma ya mgongo wa mtoto, umeshonwa kwa leso ya zambarau iliyofifia hadi maandishi yake hayasomeki.

"Huu mto mzuri. Nani kakushonea?"

"Mama mdogo." Wakesho alizungumza maneno matatu matatu, akipumzika katikati. "Krismasi. Ni leso ya mama. Ya mama aliyenizaa."

"Na nyumbani unaulalia kila siku?"

"Kila siku. Lakini Jumamosi mama Ndunge anauanika. Halafu anaupiga na fimbo, utoke vumbi. Mimi naushikilia. Asiupige kwa nguvu."

"Unaushikilia hivi? Karibu na uso?"

Mtoto aliukumbatia kumwonyesha. Akakohoa.

"Halafu?"

"Halafu ananipikia uji."

Sista Loise aliacha kuandika. Mbuvi alinyoosha mikono miwili, kama anayepokea mtoto mchanga.

"Niazime kidogo."

"Utaurudisha?"

"Leso nitairudisha," alisema, na alichagua maneno hayo kwa uangalifu.

Nje, upande ambao upepo ulikuwa unatoka wodini, alifumua mshono kwa ncha ya ufunguo. Ndani mlikuwa na mabonge ya nyuzi za kijivu, makavu juu, yenye harufu ya ukungu chini. Aliyafinya, yakatoa moshi mwembamba wa vumbi uliomkwaruza koo. Alijua ni nini. Mashamba ya mkonge yaliuzunguka mji huo kila upande. Katika chumba cha brashi cha kiwanda, katani iliposuguliwa, makapi yalibaki sakafuni kama mawingu yaliyoshuka, na wafanyakazi waliruhusiwa kuyachukua. Nusu ya Voi ililalia makapi hayo. Mable alikuwa akifanya kazi katika chumba cha brashi.

*

Mable alifika saa nane na nusu, wakati wa kutazama wagonjwa, kitambaa cha kanisani bado kichwani. Mbuvi alimwongoza hadi maabara. Alipouona mto mezani umefumuliwa, alisimama.

"Nani amekata leso ya dada yangu?"

"Mimi. Kaa, mama."

"Sikai. Kesho yule mwanamke anapelekwa Mombasa, na leo wewe unapasua mito. Watu walisema, Mkamba atamtafutia Mkamba mwenzake mlango wa nyuma. Mimi nikawakatalia."

"Tangu nimfunge sijamsemesha neno la Kikamba. Muulize konstebo yeyote. Haya makapi uliyatoa lini?"

"Novemba. Yalikuwa yamelowa kidogo na mvua, nikayaanika juu ya bati. Kwani kuna nini? Nina miaka kumi na mmoja kwenye kile chumba, sijakohoa. Nusu ya mji huu inalalia makapi."

"Na nusu ya mji huu haina pumu," alisema Gibson kutoka kwenye stuli yake. "Mwili wa huyu mmoja ndio umekataa. Hasa yakishika ukungu. Njoo, mghosi wangu wa kike, uweke jicho hapa."

Pengine ni lile neno la Kitaita la kwao, la kumwita mzee kwa utani, lililomlainisha. Aliinama kwenye hadubini kwa kiburi, kama anayekagua kazi ya mtu mwingine. Gibson alimwambia atafute za rangi ya chungwa.

"Naziona chache sana."

"Hiyo ni Jumanne." Akabadilisha kioo. "Sasa?"

Mable alisogeza jicho karibu zaidi. "Zimejaa."

"Ijumaa. Baada ya siku mbili za kulalia mto, kifua bado hakijapona."

Aliinuka, lakini hakuwatazama. "Unataka kusema nimeua mtoto wa dada yangu."

"Hajafa," alisema Mbuvi. "Nataka kusema hakuna aliyetaka kumuua. Lakini kuna mtu kesho saa kumi na mbili anapandishwa Landrova kwa ajili ya mto huu. Mara ya kwanza kuanguka ilikuwa Desemba, Jumamosi ya kwanza baada ya Krismasi. Mto ulikuwa na siku mbili."

"Ilikuwa Jumamosi kwa sababu ya uji."

"Ilikuwa Jumamosi kwa sababu ya fimbo. Kila Jumamosi aliuanika, akaupiga, mtoto akiukumbatia; mara nne vumbi likamzidi. Wewe ulimshonea mara moja. Yeye aliutunza kila wiki."

"Mbona hakuutupa? Mimi ningekuwa mke wa pili, leso ya mke wa kwanza ningeitupa."

Mable alishika ukingo wa meza. Kisha akavuta kiti alichokuwa amekikataa, akakaa, akavuta mto kwake.

"Usipumulie karibu," alisema Gibson.

"Mimi nimezoea."

*

Bwana OCS alikuwa ofisini saa kumi na moja na nusu, shati la Jumapili nje ya suruali, hati ya kumpeleka Ndunge rumande mbele yake, imebaki sahihi tu. Alisikiliza yote huku akigonga kalamu mezani. Mbuvi alimwekea karatasi ya Sista Loise.

"Saa nane, mto ulipoondolewa, mia na kumi. Saa tisa na nusu, mia na arobaini. Saa kumi na moja, mia na themanini."

"Dawa zimemfanyia kazi."

"Dawa ni zilezile tangu Alhamisi, afande. Siku nne hazikumfaa, leo kwa saa tatu zikamfaa. Kilichobadilika ni kimoja."

"Na Nairobi wakisema kwenye ugoro mna kitu?"

"Wakisema, Ndunge yuko Voi, nitamfuata kwa miguu. Akishafika Mombasa, kumrudisha ni miezi."

Kalamu iliendelea kugonga. "Huo mto uliingiaje wodini, na mimi nina konstebo mlangoni usiku na mchana?"

"Niliagiza kiandikwe chakula peke yake. Nilijua sumu huingia kwa mdomo. Kosa ni langu, na nimeliandika."

Alifungua daftari la Obadiah. Chini ya ndizi mbili za Jumatano kulikuwa na mstari mpya, kwa mwandiko wa Mbuvi, wenye tarehe ya leo: *Mto mmoja. Umeletwa na mama mdogo.*

OCS alisoma mstari huo mara mbili. Hapo ndipo mlango uligongwa na Mable akaingia bila kungoja kuitwa.

"Nimekuja kuondoa maneno yangu."

"Maneno huondolewa kwa maandishi, mama."

"Basi nipe karatasi. Kuandika najua."

Aliandika kwa dakika ishirini, mstari kwa mstari, na hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza, OCS alisoma, akaifunika kalamu yake, akaikunja hati ya rumande mara mbili na kuitia kwenye droo. Kisha akanyanyua simu kumwambia dereva kwamba kesho hakuna safari.

Mwanga wa jioni ulikuwa bado kwenye vilima vya Sagalla Mbuvi alipofungua seli. Ndunge alitoka akiwa ameshika viatu mkononi. Hakuuliza kuhusu Mombasa.

"Mtoto?"

"Anapumua," alisema Mbuvi, na kwa mara ya kwanza katika siku saba alimsalimia kwa Kikamba. Alimweleza yote papo hapo, kwa ufupi, kisha akamwekea mkononi orodha ya vitu vyake vilivyochukuliwa. "Kopo limebaki Nairobi. Zephaniah nimemwambia ni dawa ya mafua."

Ndunge karibu acheke. Kisha akamwona Mable amesimama barazani.

Mable alikuwa ameufumua mto wote. Makapi alikuwa ameyafukia nyuma ya kituo, mbali na upepo, na vidole vyake vilikuwa na udongo. Leso aliishika kwa mikono miwili, imelegea, haina kitu ndani. Akamnyooshea. Ndunge aliipokea, na mkono wake, kwa mazoea ya Jumamosi nyingi, uliinuka kuikung'uta.

Mable alimdaka kifundo cha mkono.

"Usiikung'ute," alisema. "Tutaichemsha."

Ndunge alimtazama, hajui afuate njia ipi.

"Twende kwako," alisema Mable, tayari anashuka ngazi. "Wewe washa jiko. Na uinjike uji, tangu asubuhi sijala."